Uchumba wa Miaka Kumi na Saba

Tekla Sundelin alikuwa dobi wa Lunnevik kwa miaka arobaini na mitatu, na wako watu mjini kwetu ambao mpaka leo wakisikia harufu ya wanga unaochemka hugeuza shingo kumtafuta. Aliishi kando ya mto katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Jikoni kamba za nguo zilipita juu kutoka ukuta hadi ukuta, na jiko la chuma halikupoa tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Pasi zake zilikaa juu ya jiko hilo kwa safu kama kuku waliolala. Kola za mchungaji, kola za meneja wa kiwanda cha mbao, vitambaa vya meza vya harusi zote za usharika, vyote vilipita mikononi mwake. Siku hizo mto ulijaa magogo tangu barafu ivunjike hadi theluji ya kwanza, na mtu aliyeketi jikoni kwa Tekla aliyasikia yakigongana kutwa, dum, dum, mpaka yakawa kama mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Jumamosi mchana honi ya kiwanda ikilia, mji ulinyamaza. Tekla alikunja nguo ya mwisho, akavua aproni, akabandika birika la kahawa. Akimimina kikombe, aliacha nafasi ya upana wa kidole, akaijaza kwa pombe kali kutoka kwenye chupa iliyokaa kabatini nyuma ya kopo la iliki. Kikombe kimoja. Alikinywa polepole, miguu juu ya kiti cha pili, mgongo umeegemea ukuta.

"Hapo," alipenda kusema uzeeni, "ndipo wiki ilipokuwa inaniomba msamaha."

Vijana wa sasa ukiwaeleza jinsi chupa ile ilivyopatikana, wanadhani unawatania. Zamani hizo mtu hakununua pombe kali kwa kuwa anaitaka. Ilibidi kwanza aandike maombi, achunguzwe, na akikubaliwa apewe kitabu kidogo chenye jina lake. Kila chupa aliyochukua iligongwa muhuri humo. Kiasi kilitegemea wewe ni nani. Mwanamume mwenye nyumba na kazi ya kudumu alipata lita kadhaa kwa mwezi. Mwanamke asiyeolewa, akibahatika, lita moja kwa miezi mitatu. Mke wa mtu hakupata kitu, maana kitabu cha mumewe kilihesabiwa kuwa cha nyumba nzima. Serikali iliona kwamba makoo ya watu hayawezi kuachiwa watu wenyewe. Na ukweli usemwe, kabla ya vitabu kulikuwa na majira ya baridi ambayo nusu ya mishahara ya Lunnevik ilimiminwa kooni kabla haijafika nyumbani.

Tekla aliomba kitabu mwaka 1931, akiwa na miaka ishirini na saba. Wiki mbili baadaye alifika mkaguzi, Bwana Evald Rosenius. Alikuwa mtu mwembamba, kapera, mwenye miwani ya duara na kofia nyeusi aliyoivua kwa kila mtu, hata kwa watoto. Kila jiko la mji ule alilijua. Alitazama jiko, akatazama kitanda kilivyotandikwa, akafungua kabati na kulifunga tena taratibu, kama daktari anayegusa tumbo la mgonjwa. Zamani zile mtu wa ofisi hakukuambia "wewe", wala nawe hukumwambia. Alikutaja kwa jina, kana kwamba unasemwa ukiwa chumba cha pili.

"Na Bi Sundelin anaihitaji kwa kazi gani?" akauliza, kalamu imeshaelekezwa kwenye karatasi.

"Ya kunywa," Tekla akajibu.

Rosenius akainua macho. Miaka kumi na miwili alikuwa akiuliza swali hilo, na watu wote walimwambia ni ya kuchulia magoti, au ya kuhifadhia matunda, au ya wageni wa msiba. Akaandika neno moja, akavaa kofia yake mlangoni. Baada ya siku tisa kitabu kikaja kwa posta, kijivu, si kikubwa kuliko kitabu cha nyimbo. Ndani kulikuwa na jina lake lote, mwaka wake wa kuzaliwa na kazi yake: dobi. Hakuwahi kuona jina lake limepigwa chapa mahali popote. Nyumba ilikuwa ya kupanga, na kanisani aliandikwa chini ya marehemu baba yake. Alikisoma kitabu kile mara tatu akiwa amesimama, kisha akanawa mikono na kurudi kwenye pasi.

Wazee wanaoeleza habari za duka lile la pombe hutabasamu, ingawa hakuna aliyetabasamu ndani yake. Lilinukia sabuni ya sakafu na karatasi ya kufungia. Watu walipanga mstari kimya, kila mmoja akitazama mgongo wa mwenzake, kama wanaongoja meza ya Bwana. Mwuzaji alifungua kitabu, akatazama, akagonga muhuri, akafunga chupa kwenye karatasi ya kijivu. Nje, kila mtu aliibeba kwapani kana kwamba ni mkate, na kila mtu alijua si mkate. Ukitazama ni nani kabeba kifurushi wiki gani, ulijua nani anatarajia wageni na nani amefukuzwa kazi.

Hilding Åkerlund aliingia katika maisha ya Tekla mwaka 1934, akileta shati moja. Wiki iliyofuata akaleta lingine, na wiki iliyofuata akarudisha lile la kwanza, ambalo Tekla aliona wazi halijavaliwa. Alikuwa mpanga magogo mtoni. Kutwa alitembea juu ya magogo yanayoelea, na mti mrefu mkononi, akiyatenga kufuata alama za viwanda. Mrefu, mpole, mwendo wake hata barabarani ulikuwa wa kuchungulia hatua, kana kwamba lami nayo ingezunguka chini yake. Yeye kitabu hakuwa nacho. Kilinyang'anywa mwaka uliotangulia, baada ya kukutwa asubuhi ya Pentekoste amelala juu ya ngazi za kanisa, waumini wakimruka kuingia ibadani.

"Na sikuwa nimelewa sana," alimweleza Tekla.

"Ulikuwa unaimba usingizini. Mimi mwenyewe nilikuruka."

"Niliimba wimbo gani?"

"Wa jeshini. Mchungaji alifunga dirisha."

Ikawa Jumamosi vikombe ni viwili. Tekla alikitia cha Hilding kijiko kimoja tu cha pombe, na chake akapunguza, ili chupa ifike mwisho wa miezi mitatu. Kumpa mtu aliyenyang'anywa kitabu lilikuwa kosa, na kama ingejulikana, chake nacho kingekwenda. Kwa hiyo walikunywa pazia limeshushwa, wakizungumza kwa sauti ya chini, na Hilding akasema hajapata kunywa kahawa yenye heshima kama ile. Mikate ya iliki ilikuwepo daima. Waliosikia Tekla akizikumbuka Jumamosi zile wanasema sura yake ilirudi ya msichana.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1938, barafu ilipokuwa inapasuka mtoni, Hilding alimpa pete. Tekla akaipokea, akaivaa, na akafurahi bila kuficha. Siku tatu baadaye alipita ofisini kwa Rosenius kupeleka kola zake, maana naye alikuwa mteja, na akamuuliza kwa mzaha ni nini hasa hukipata kitabu cha mwanamke anayeolewa.

Rosenius hakucheka. Alisema kitabu hurudishwa wiki hiyohiyo ya ndoa. Bwana Åkerlund angeweza kuomba upya, na kama mwenendo wake ungekuwa mzuri angepewa, na hicho ndicho kingekuwa cha nyumba.

"Kwa hiyo Ijumaa mimi ni mtu mzima," Tekla akasema, "na Jumamosi jioni, baada ya mchungaji kusema amina, ni mtoto."

"Bi Sundelin anakuwa mke. Nyumba ni chungu kimoja."

"Nina miaka thelathini na minne. Kuna siku Bwana Rosenius amenisikia nimepiga kelele barabarani? Amenikuta na deni la pango? Lita moja kwa miezi mitatu, na chupa ya mwisho bado ina kidole kimoja ndani."

Rosenius aliondoa miwani akaifuta. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na mekundu kidogo. Akasema kwamba anajua hayo yote. Kama watu wote wa Lunnevik wangekuwa Tekla Sundelin, yeye angeuza viatu kwa riziki yake, tena kwa furaha. Lakini sheria haiwezi kuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye akili timamu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona ni lazima: "Bi Sundelin amuulize dada yake. Amuulize ni nani aliyekuja hapa kuniomba."

Märta, dada yake mkubwa, aliishi ng'ambo ya mto na mumewe Gotthard, mpakiaji mbao bandarini, na watoto wanne. Gotthard alikuwa amenyang'anywa kitabu miaka miwili nyuma. Familia nzima iliamini ni majirani waliomchongea. Tekla alivuka kwa kivuko mchana huohuo na kumkuta Märta akimenya viazi, akamweleza aliyosikia.

Märta aliendelea kumenya.

"Ni mimi," akasema. "Nilikwenda na mtoto mgongoni. Nikamwambia Rosenius achukue kitabu cha mume wangu, na asiseme kama ni mimi. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwonyesha mkono."

"Mkono umefanyaje?"

"Si lazima nikuonyeshe na wewe."

Tekla alikaa juu ya sanduku la kuni. Chumba cha pili watoto walikuwa wanacheza, na ndipo alipotambua kwamba ni miaka miwili sasa watoto wale wanacheza kwa kelele. Zamani walikuwa watoto wa kunong'ona.

"Mdogo wangu, kwako kile kitabu ni heshima," Märta akasema. "Mwangu humu kilikuwa shoka limening'inia juu ya meza. Yule bwana wenu mnayemcheka kwa miwani yake, mimi namwombea kila usiku. Sasa unataka nikwambie ana makosa?"

"Sitaki useme hivyo."

"Basi olewa, unyamaze. Lita moja kitu gani."

Lakini Tekla hakuolewa. Alimwelewa dada yake, na tangu siku ile hakumtania tena Rosenius kwa miwani. Hata hivyo alipofika nyumbani alimweka Hilding kwenye kiti na kumwambia kwamba pete haivui, na mwanamume mwingine hamtaki, lakini mbele ya mchungaji hatasimama mpaka sheria ile ibadilike. Hilding alidhani ni suala la pombe. Akamwahidi kwamba akirudishiwa kitabu, kila tone litakuwa la Tekla, yeye hatagusa.

"Ndiyo hilo nisilolitaka," Tekla akasema. "Kupewa. Kile nilipewa na serikali, sawa, lakini walikuja wakanitazama mimi, wakaniuliza mimi. Nikikirudisha, nimetia sahihi kwamba hakuna tena wa kuulizwa."

 Hilding akasema kwamba magogo ameyazoea, na gogo likigoma katikati ya mto huwezi kulipigia kelele. Unasimama karibu nalo mpaka maji yaamue. Akanywa kahawa yake akarudi kwenye chumba chake cha kupanga.

Mji ulikuwa na mengi ya kusema. Uchumba mrefu haukuwa ajabu kwetu, watu walivaa pete miaka mitatu, minne, wakingoja nyumba. Ila huu ulipita wa watu wote. Kiwandani walimwita Hilding "bwana harusi" mpaka jina likasahau mzaha wake. Walimuuliza kama analala mlangoni kama mbwa. Alijibu kwamba mbwa hulishwa mikate ya iliki, je, wao wake zao wanawalisha nini. Vita vilipokuja jirani na kila kitu kikawa kwa kadi, mkate, siagi, kahawa, sabuni, Tekla alisema sasa nchi nzima imejua utamu wa kupimiwa. Kahawa halisi ilikosekana kabisa, wakachemsha mizizi iliyokaangwa. Hilding naye wakati huo alikuwa amerudishiwa kitabu chake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza walikuwa na pombe ya kutosha, na hawakuwa na kahawa ya kuitilia. Walicheka sana majira yale ya baridi. Tekla alisema ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote.

Jambo moja hawakulicheka. Mwaka 1943 Tekla alitimiza miaka thelathini na tisa. Jumapili moja walirudi kutoka ubatizo wa mjukuu wa Märta, wakitembea juu ya barafu ya mto, na Hilding akasema, bila kumtazama, kwamba kitoto kile kilikuwa na vidole virefu.  

"Bado ungeweza kumpata mwingine. Huko kiwandani kuna wasichana," Tekla akasema.

"Sikusema hivyo."

"Najua hukusema."

Usiku ule Tekla alikitoa kitabu, akakiweka mezani na kukitazama. Alikuwa karibu kukipeleka kwa Rosenius asubuhi. Hata koti alilitoa kwenye msumari. Lakini asubuhi kulikuwa na vitambaa vya meza ishirini na vinne vya hoteli, na alipomaliza jioni hasira yake ilikuwa imerudi mahali pake. Kwa miaka mingi hakumsimulia mtu habari ya koti lile. Alipoisimulia, hakusema kama alijuta. Alisema tu kwamba lilikuwa koti la sufu ya kahawia, na kwamba lilikuwa na joto.

Tangazo lilipotoka kwamba vitabu vitafutwa siku ya kwanza ya Oktoba 1955, Rosenius alikuwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Mwishoni mwa Septemba alifika mwenyewe kuchukua kola zake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, na Tekla alipomkaribisha kiti, akakaa. Akasema kahawa atakunywa, lakini tupu. Waliongea habari ya hali ya hewa. Kisha akasema kwamba ana watu mia sita na arobaini katika kabati lake la faili, na wa kumpotezea usingizi ni thelathini tu. Wengine wote, kina Tekla, angewaachia huru tangu zamani kama angejua njia ya kuwafunga wale thelathini peke yao.

"Wengine walinichukia. Hilo nalijua," akasema. "Bi Sundelin alinichukia?"

"Nilikichukia kiti ulichokalia kule ofisini. Wewe ulikuwa unavua kofia."

Rosenius akaitikia kwa kichwa polepole. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia "wewe" katika mji ule, na hakuonekana kuudhika. Alipoinuka alimwomba kitu kimoja: amtupie jicho Gotthard, maana baada ya Jumamosi hapatakuwa na mtu mwenye haki ya kufanya hivyo.

Jumamosi ile duka lilipofunguliwa mstari ulifika mpaka daraja la reli. Safari hii watu walizungumza, walicheka, walishikana mabega. Tekla naye alisimama humo na Hilding, si kwa kiu, ila kwa kuona. Zamu yake ilipofika, mwuzaji alimpa chupa bila kumtaka karatasi yoyote. Tekla akatoka nje akiwa ameishika kwa shingo, wazi, kama mtu aliyebeba kuku. Jumamosi iliyofuata walifunga ndoa. Bibi harusi alikuwa na miaka hamsini na mmoja, bwana harusi hamsini na minne, na kola ya bwana harusi, wote waliokuwepo wanakubaliana, ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Mchungaji mpya, kijana, aliuliza kwa upole kilichowachelewesha. "Serikali," Hilding akajibu, na kanisa zima likacheka.

Märta hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la tatu peke yake. Gotthard hakuwa amelala nyumbani tangu Jumatano.

Miaka kumi na tisa Gotthard alikuwa ameishi bila kitabu. Mwanzoni alitafuta ya magendo, baadaye akachoka, akawa mzee wa kuchonga vijiko na kuwabeba wajukuu. Watu walikuwa wamesahau alivyokuwa. Nadhani hata yeye alikuwa amesahau. Tekla alijaribu kutimiza ombi la Rosenius. Alimwendea mara mbili bandarini, mara moja alimshika mkono akamwongoza mpaka kwenye kivuko. Gotthard alimfuata kwa adabu, akimwita shemeji, akimwambia asijali, akamuuliza kwa mzaha kama si yeye Tekla aliyetaka kila mtu awe mkubwa wa koo lake.  Wiki moja kabla ya Majilio, asubuhi, wapakiaji walimkuta Gotthard kati ya meli na ukuta wa gati, mahali ambapo maji yalikuwa bado hayajaganda.

Mazishini Märta alimpita mdogo wake bila kumpa mkono.  Neno alikuja kulisema mwezi Januari, Tekla alipovuka barafu na kikapu cha mikate, akamkuta mlangoni.

"Wewe uliyapigania haya," Märta akasema. "Miaka kumi na saba. Sasa umeyapata. Rudi kwa mume wako."

Tekla akaacha kikapu juu ya ngazi akarudi. Alivuka tena Februari, akavuka Machi mpaka barafu ikawa haiaminiki, na kila mara kikapu cha safari iliyopita alikikuta mahali pake, kitupu. Alijua basi kwamba mikate inaliwa. Hilding alimwambia hiyo nayo ni salamu. Ilichukua miaka minne kabla mlango haujafunguliwa, na ulipofunguliwa Märta alimwambia tu aingie, baridi inaingia.

Ndoa yao Tekla na Hilding ilidumu miaka kumi na minane, na ilikuwa nzuri. Jambo la ajabu, ambalo Tekla mwenyewe alilisimulia kwa kushangaa, ni kwamba kikombe cha Jumamosi hakikurudi kuwa kile cha zamani. Pazia halikushushwa tena. Chupa ilikaa juu ya kabati mchana kweupe, na wakati mwingine miezi ilipita haijafunguliwa. Hilding alikumbuka kijiko kile kimoja na kusema kwamba sasa anaweza kujimiminia nusu kikombe, na ladha yake haisikiki. Rosenius alifariki mwaka 1961. Watu walikuja wengi kumzika kuliko ilivyodhaniwa, na wengi wao walikuwa wanawake wa makamo waliokaa nyuma, wasiojuana. Tekla alimnyooshea kola yake ya mwisho bila malipo.

Hilding alipofariki, mwaka 1973, Märta alikuja na kukaa wiki mbili. Miaka mitatu baadaye watoto wake walipotaka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, Tekla alimwandikia barua ya mstari mmoja: chumba kipo. Märta akaja na sanduku moja na saa ya ukutani ya Gotthard, ambayo Tekla hakuweza kuvumilia mlio wake, na waligombana juu ya saa hiyo mpaka ilipohamishiwa barazani.

Kiangazi kimoja, alipokuwa amefikisha miaka sabini na saba, Märta alivaa kofia yake ya kanisani akaenda duka la pombe peke yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alirudi na chupa ndogo mkobani na uso umekunjamana.

"Hakuniuliza chochote yule kijana," akasema. "Nilimtajia jina langu kamili, akaniambia halihitajiki."

"Ulitaka akuulize nini?"

"Hata kama sijambo." Akaiweka chupa mezani akaitazama kama mgeni ambaye hujui atakaa muda gani. "Rosenius angeuliza."

"Rosenius asingekuuzia," Tekla akasema.

"Asingeniuzia," Märta akakubali. "Lakini angeuliza."

Wakacheka, kwanza mmoja, halafu mwingine, kicheko cha wanawake wasio na meno ya kutosha. Tekla alibandika kahawa. Märta alionja kijiko kimoja, akasema ni kama kumeza sindano, akakimwaga kikombe chote kwenye sinki. Chupa ile walimpa fundi aliyekuja kuziba dari. Mwaka huo magogo yaliacha kuteremshwa mtoni, yakawa yanasafirishwa kwa malori, na dada wale wawili walilalamika kwamba hawawezi kulala kwa ule ukimya. Saa ya Gotthard ikarudishwa ndani.